Mbwa analinda usiku, mchana tunamfunga juani



Kiangazi kimekolea. Huku kwetu Dodoma, Oktoba na Novemba ndiyo miezi yenye joto kali, kabla mvua hazijaanza. Habari za ng'ombe na kuku tumezizungumza sana. Leo nawasemea wawili ambao hakuna anayenipigia simu kwa ajili yao mpaka wawe wamekufa: mbwa na paka.

Najua utakachosema. "Bwana mifugo, sisi wenyewe maji tunayafuata mbali, wewe unatuletea habari za mbwa?" Ni swali la haki, kwa hiyo tulipigie hesabu. Mbwa wetu wa kienyeji ana uzito wa kilo 15 hivi. Kwa siku ya kawaida anahitaji karibu lita moja ya maji. Joto likizidi mpe hata lita mbili. Katika dumu la lita 20, hiyo ni sehemu ndogo sana. Maji uliyooshea mboga au kusuuzia vyombo bila sabuni yanamtosha, ilimradi ni masafi na hayajakaa siku mbili yakaota utelezi.

Sasa linganisha na anachokulipa. Anabweka fisi akikaribia zizi la mbuzi. Anamwamsha mwenye duka mwizi akigusa kufuli. Mlinzi wa kibinadamu angedai mshahara kila mwisho wa mwezi, huyu anadai ugali uliobaki. Maoni yangu ni haya, na nayasema wazi hata kama yatawaudhi baadhi yenu: mtu anayemfunga mbwa juani kutwa bila maji anajiibia mwenyewe. Mbwa aliyeshinda akihema kwa joto hana nguvu ya kukesha usiku.

Siwasemi ninyi tu. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mbwa wangu, Simba. Asubuhi moja nilimfunga kwenye kigingi upande wa magharibi wa mwarobaini, nikamwekea ndoo ya maji, nikaenda kuchanja kuku kijiji cha jirani. Kivuli kilikuwa kizuri kabisa. Niliporudi saa tisa alasiri, kivuli kilikuwa kimehamia upande wa pili wa mti na mnyororo haukufika huko. Ndoo ilikuwa imepinduka. Simba alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, na hakuamka tena. Stashahada ya mifugo ninayo, lakini sikukumbuka jambo ambalo kila mtoto anayechunga mbuzi analijua: kivuli hutembea.

Ndiyo maana nawaomba, kabla ya kumfunga mbwa, jiulize kivuli kitakuwa wapi saa nane. Ni bora zaidi kumfungia kwenye uzio ambamo anaweza kuhama mwenyewe. Kibanda cha bati tupu nacho ni tanuri. Tandaza nyasi kavu juu ya bati na uache nafasi ya hewa kupita. Maji yaweke kwenye chombo kizito, kama sufuria kuukuu au chungu kilichovunjika mdomo, kisha kichimbie kidogo ardhini kisipinduke.

Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anatoa kidogo tu kwenye nyayo. Njia yake kubwa ya kupoza mwili ni kuhema, ulimi ukiwa nje. Mbwa mzima ana joto la nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41, maisha yake yako hatarini. Utamwona anahema kwa kasi bila kupumzika, mate yanakuwa mazito, fizi zinakuwa nyekundu sana, anapepesuka, anatapika au anaanguka.

Ukimkuta hivyo, mpoze kwanza, simu utanipigia baadaye. Mtoe juani. Mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni na kwenye makwapa, huku ukimpepea. Endelea mpaka kuhema kupungue. Akiweza kusimama, mwache anywe mwenyewe kidogo kidogo. Usimnyweshe kwa nguvu, maji yataingia mapafuni. Usimfunike gunia lililolowa ukamwacha, kwa sababu gunia hilo likishapata joto linamfunika kama mfuniko wa sufuria. Hata akipata nafuu, mwite mtaalamu amwangalie, maana figo zinaweza kuwa zimeumia.

Hapa lipo jambo zito zaidi. Mbwa aliyezidiwa na joto anadondosha mate na kupepesuka. Watu wakimwona hupiga kelele "kichaa!" na mawe yanaanza. Siwezi kuwalaumu, kwa sababu kichaa cha mbwa kipo kweli, na dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu kupona karibu haiwezekani. Kama humjui mbwa huyo, au hajachanjwa, usimguse. Weka watoto mbali na utoe taarifa. Lakini mbwa wako uliyemchanja kila mwaka, na kadi yake iko ndani, unaweza kumsogelea kwa tahadhari na kumwokoa. Chanjo inawalinda watoto wako, na inampa mbwa nafasi ya kusaidiwa badala ya kupigwa mawe. Ukiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Paka naye tusimsahau. Wenye maduka na maghala, huyu ndiye anayewalindia magunia. Tatizo ninaloliona ni paka kufungiwa dukani. Mnafunga Jumamosi jioni na kufungua Jumatatu, bati juu linawaka, na ndani hakuna hata kikombe cha maji. Mwachie maji na upenyo wa kutokea. Sumu ya panya isiwekwe mahali paka anapowinda, kwa sababu akila panya aliyekula sumu naye anaweza kufa. Ukishamuua paka, panya watakaobaki ni wa kwako.

Jingine ni kupe na viroboto, ambao wengi wenu mnapambana nao kwa kuchota dawa ya kuogeshea ng'ombe na kummwagia kila mnyama aliyepo nyumbani. Acheni. Mbwa ana kipimo chake, na dawa yenye permethrin inaweza kumuua paka hata kama kwa mbwa ni salama. Niulize kwanza. Na siku ya kuogesha, fanya asubuhi, si jua la utosini.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mwenye mnyama ana wajibu wa kumtunza. Lakini sitaki tufike kwenye sheria kwa jambo la sufuria moja ya maji.

Nikipita kwako wiki hizi, kabla sijaangalia ng'ombe nitaangalia chombo cha mbwa. Usijaze maji kwa sababu umeniona nakuja. Jaza asubuhi unapowanywesha mbuzi, na jaza tena mchana. Kisha kabla hujaenda shamba, tazama jua linaelekea wapi.