SIKOSELI HAINA KALENDA

Wiki hii mapenzi tuyaweke pembeni kidogo, tuongee damu.

Hapa Tabora, pita vijiweni chini ya miembe utasikia watu wakihesabu miaka ya watoto wa wenzao: "Yule ana sikoseli, kumi na nane hafikishi." Jamani, hiyo kalenda nani kawapa?

Mimi si daktari, niliishia fomu foo, lakini nimeuliza wanaojua. Mtoto akiwa tumboni, damu yake ina himoglobini ya kitoto. Akishazaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima taratibu, ya kikubwa inashika zamu. Kwa mwenye sikoseli, ya kikubwa ndiyo mbovu: hukunja chembe za damu zikawa kama mundu. Ila wapo ambao ile ya kitoto haizimiki yote. Hao huwa na nafuu, na utafiti wa Marekani wa mwaka 1994 ulionyesha wanaishi zaidi. Ugonjwa mmoja, umri tofauti. Jeni ipi iko kazini ndiyo ishu.

Na sikoseli ni msafiri. Utafiti wa mwaka 2000 kule Oman uliikuta ya asili tatu, mojawapo hii yetu ya Kibantu, ambayo himoglobini ya kitoto huwa chache. Msishangae. Misafara ya Unyanyembe kwenda Bagamoyo na Unguja haikubeba pembe za ndovu tu, ilibeba na watu.

Uzuri ni kwamba iliyozimwa huweza kuamshwa. Kazi hiyo hufanywa na dawa ya kumeza, haidroksiyurea. Watoto walioipata katika utafiti wa Uganda, Kenya, Kongo na Angola, matokeo yakatoka mwaka 2018, walipungukiwa maumivu, malaria na hata vifo. Ile tiba ya kurekebisha jeni iliyoruhusiwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 inapita dola milioni 2, hiyo tuwaachie wenyewe.

Basi mama wa Isevya, baba wa Ng'ambo, mpimeni mtoto mapema, mkamuulize daktari habari ya dawa hiyo. Msijinunulie tu dukani, lazima damu ifuatiliwe. Nanyi wachumba, pimeni kabla ya kugawa kadi za mchango. Tanzania huzaliwa watoto kama 11,000 wenye sikoseli kila mwaka. Wapelekwe kliniki, wapelekwe na shule, maana ada ya mtoto "asiyefika" wengine huila!

Tukutane wiki ijayo.