Kinda Mwekundu Ametoka Wapi?

Mpendwa mama, mwezi huu katika safu yetu ya ufugaji nyumbani tuzungumze juu ya njiwa. Huu ni mfugo unaofaa nyumba yenye nafasi ndogo. Kuanzia Kibiti mjini hadi vijiji vya delta ya Rufiji kama Nyamisati na Mbwera, ambako nchi kavu ni haba kati ya mikoko na mashamba ya mpunga, masanduku machache yaliyoinuliwa juu ya nguzo yanatosha kuanzia. Jike hutaga mayai mawili, mume na mke huyaatamia kwa zamu siku 17 au 18, na makinda huwa tayari kwa kitoweo baada ya majuma manne hivi.

Lakini leo hatusemi habari za mchuzi. Tunasema habari za rangi, kwa maana hapo ndipo maneno huanzia.

Tuseme unao njiwa wawili wa kijivu, wenye mistari miwili myeusi mabawani. Wanaangua, na manyoya yanapoota kinda mmoja ni wa kijivu kama wazazi wake, lakini mwenziwe ni mwekundu kama tofali lililochomwa. Jirani anacheka: "Jike wako ana dume la pembeni!" Je, ni kweli? Tujifunze kwanza, tuhukumu baadaye.

Rangi tatu za msingi

Njiwa wote tunaowafuga wametokana na njiwa wa majabalini, ambaye rangi yake ni ya kijivu yenye mistari miwili. Mwingereza Charles Darwin alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1859 jinsi alivyopandisha njiwa weupe na njiwa weusi, kisha akapandisha watoto wao. Mjukuu mmoja alitoka wa kijivu kizuri, mistari miwili mabawani, kama njiwa wa porini. Rangi ya mababu ilikuwa imejificha, haikupotea.

Leo tunajua kwamba kila kiumbe hupokea chembe za urithi kutoka kwa baba na mama. Kwa njiwa, chembe ya rangi ya msingi ni ya aina tatu. Yenye nguvu kuliko zote huleta wekundu wa majivu: shingo na mistari ya mabawa ni myekundu, lakini mkia na ncha za mabawa zimepauka. Ya pili ni ya kijivu. Ya tatu, iliyo dhaifu, ni ya kahawia.

Dume ana chembe mbili za rangi hii, jike anayo moja tu, naye huipata kwa baba yake. Kwa hiyo binti wa njiwa hurithi rangi ya msingi kwa baba, kamwe si kwa mama.

Faida yake ni hii. Wafugaji wengi hununua "jozi" sokoni, wakifika nyumbani wanakuta ni madume mawili yanayopigana. Ukipandisha dume wa kijivu na jike mwekundu wa majivu, makinda wa kiume wote watakuwa wekundu wa majivu, na wa kike hawatakuwa na wekundu huo. Utawatambua manyoya yakiota tu, kabla hawajatoka kiotani. Lakini ukigeuza, dume akawa mwekundu na jike wa kijivu, alama hiyo haipo.

Angalia mkia

Sasa turudi kwa kinda wetu. Wazazi wote wawili ni wa kijivu. Wekundu wa majivu una nguvu, hauwezi kujificha nyuma ya kijivu. Kwa hiyo kama kinda ana mkia uliopauka, jirani hakukosea: dume mwingine alipita, au jike alikuja kwako akiwa bado na mbegu za mume wa zamani.

Lakini kama ni mwekundu mwili mzima hadi mkiani, hiyo ni habari nyingine. Uko wekundu wa pili, unaotokana na chembe tofauti kabisa, tena dhaifu. Njiwa mwenye moja haonyeshi chochote. Akipata mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, anakuwa mwekundu kote, na rangi yake ya msingi inafunikwa. Basi kinda huyo ni mtoto halali wa wazazi wake. Zaidi ya hayo, yeye ndiye ushahidi kwamba wote wawili walikuwa na chembe hiyo, baba sawasawa na mama.

Wazazi wa namna hii, kila kinda anayeanguliwa ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mwekundu. Ni kama kurusha sarafu mbili ukitaka zote zilale upande mmoja uliouchagua. Huenda vizazi vitatu vikapita bila mwekundu, huenda wakatoka wawili kwa mkupuo. Yai halikumbuki lililotangulia.

Ushauri kwa mfugaji

1. Ukinunua jike mkubwa, mtenge na madume majuma mawili hivi kabla ya kumpa mume mpya.

2. Usiache ndugu wa kiota kimoja wapandane. Wote wamerithi kwa wazazi wale wale, na chembe dhaifu zilizojificha hukutana upesi, si za rangi tu bali na za udhaifu wa mwili. Aliyeanza upya na jozi moja baada ya mafuriko ya Aprili 2024 huko Rufiji na Kibiti abadilishane makinda na mfugaji wa kijiji kingine.

3. Andika katika daftari: baba, mama, tarehe ya kuangua, rangi ya kila kinda. Wape watoto kazi hiyo. Watajifunza hesabu na uangalifu pamoja.

Kutoka kibandani hadi nyumbani

Wapo waliodhani kwamba anachokitazama mama wakati wa mimba ndicho kinachompa mtoto rangi. Tunakumbuka Yakobo na fito zake katika Mwanzo 30. Lakini katika sura ya 31 Yakobo mwenyewe anawasimulia Raheli na Lea kwamba katika ndoto alionyeshwa mabeberu wenye milia na madoadoa wakiwapanda majike. Rangi ilitoka kwa wazazi.

Mama mpendwa, hapa ndipo njiwa anatufundisha jambo zito. Mtoto mwenye ualbino huzaliwa kwa njia ile ile ya kinda mwekundu. Baba ana chembe moja iliyojificha, mama ana moja, na wote wawili ni weusi. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne. Tanzania inakadiriwa mtu mmoja kati ya 1,400 hivi ana ualbino, na wanaobeba chembe hiyo bila kujua ni wengi zaidi. Undugu wa karibu kati ya mume na mke huongeza nafasi hiyo.

Basi mume anayemfukuza mke wake kwa sababu hiyo, akisema amezini au amelogwa, anamfukuza kwa kosa lisilokuwapo. Mtoto huyo si ushahidi wa uzinzi. Chembe moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Vivyo hivyo mama anayesimangwa kwa kuzaa wasichana watupu: kwa njiwa ni jike anayeamua jinsia ya kinda, lakini kwa binadamu ni mbegu ya baba.

Kama nyumbani kwako yuko mtoto mwenye ualbino, mvike kofia pana na nguo za mikono mirefu anapokwenda shambani au pwani, kwa kuwa jua kali huleta saratani ya ngozi. Mpake mafuta ya kuzuia jua. Yapo yanayotengenezwa hapa nchini, huko KCMC Moshi. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, maana macho yake hayaoni mbali. Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania kinaweza kukuelekeza upate msaada.

Na usingoje hadi maneno yaanze. Jioni hii, mnapowatupia njiwa mtama, mweleze mume wako na watoto wako habari ya kinda mwekundu. Kijana aliyeielewa leo hatamnyooshea mkewe kidole kesho.