Aliyeng'atwa akanyamaza

Wadau, mwenzenu ni mgonjwa wa filamu za mazombi. Ile ya George Romero ya 1968 ilidokeza kuwa chanzo ni mionzi ya chombo kilichotoka sayari ya Zuhura. Ilipofika 2002, kwenye 28 Days Later, chanzo kikawa kirusi cha sokwe wa maabara. Sekunde 20 tu, umeshageuka.

Hapo ndipo ninapobisha. Ugonjwa wa kasi hiyo unajitangaza, utaukimbia. VVU hukaa mwilini miaka bila dalili, na Korona ilisambazwa pia na waliojiona wazima. Kwangu anayetisha ni yule jamaa anayeng'atwa, akashusha mkono wa shati, akaingia ndani na wenzake.

Mwaka 2020 mimi nilikohoa wiki nzima chumba cha habari. Nikasema ni vumbi.