Vikanushi vya Oseania na Dai la Mkazo

Hoja kwamba sentensi yenye vikanushi viwili au vitatu hukana kwa nguvu zaidi kuliko ile yenye kimoja haina mashiko, na mhakiki anayeitumia kufasiria hadithi simulizi za Oseania huipotosha matini. Katika Kilewo cha kisiwa cha Epi, Vanuatu, sentensi moja huweza kubeba pe, re na poli, vyote vikikana tendo lile lile. Mhakiki aliyelelewa na mantiki ya Kiingereza sanifu husikia hapo msimulizi akipaaza sauti. Msimulizi hajapaaza chochote. Amesema tu kwamba mtu fulani hakuja.

Mkazo huenda ulikuwako, ila zamani. Katika Kimwotlap cha visiwa vya Banks, kitenzi huzungukwa na et- mbele na te nyuma. Te hiyo ilianza kama neno la kugawa, lenye maana iliyo karibu na 'kidogo' au 'baadhi': hakula hata kidogo. Kadiri lilivyotumiwa ndivyo lilivyopoteza makali, hata likawa sehemu ya kawaida ya sarufi. Otto Jespersen alieleza mzunguko wa namna hii mwaka 1917 kwa kutegemea zaidi lugha za Ulaya, na pas ya Kifaransa, iliyokuwa 'hatua', ndiyo mfano unaorudiwa madarasani hadi kuchosha. Vanuatu ingestahili nafasi hiyo, maana huko mzunguko umefikia kikanushi cha tatu.

Wala Oseania yote haikupita njia moja. Kitonga cha Polinesia hukana kwa neno linalotenda kazi kama kitenzi kikuu: na'e 'ikai ke ne 'alu, yaani 'hakwenda', ambapo kwenda kumewekwa katika kishazi tegemezi. Anayetafsiri neno kwa neno, 'haikuwa kwamba aende', humzulia msimulizi uzito wa kinabii ambao hakuukusudia.

Msomaji wa Kiswahili hana udhuru. Hasomi ina ha- mwanzoni na -i mwishoni, na nani aliyewahi kuisifu -i hiyo kwa ukali wake? Ugumu wa kweli uko kwingine: ni lini te au poli ilikoma kuwa mkazo? Matini iliyokusanywa kabla mabadiliko hayajakamilika huenda ingali nao. Ya kizazi kinachofuata, katika kijiji kile kile, ikawa haina. Mhakiki asiyejua matini yake ilikusanywa lini, wala kama kikanushi hicho kilikuwa cha hiari au cha lazima kwa msimulizi, hana msingi wa kutaja mkazo.