Duka lisiloonekana Google

Abiria anayeshuka boti pale bandarini Malindi, Unguja, anaweza kukutana na viungo, vikoi na sabuni za mwani bila hata kuvitafuta. Mtandaoni hakuna kupita njia kwa bahati. Mgeni aliyekwisharudi Ujerumani huandika anachotaka kwenye Google, na duka lisilojitokeza kurasa za mwanzo kwake halipo. Biashara zetu nyingi zimeishia Instagram: picha nzuri ya kichupa cha karafuu, na chini yake maneno mawili, “Bei inboksi.” Google hutegemea mno maandishi. Pasipo jina la bidhaa, uzito, bei, ilikotoka na namna ya kuisafirisha, itamwonyesha nini mtafutaji?

Wapo watakaosema wateja wetu wako WhatsApp. Kweli, na wasiachwe. Lakini huko anayekufikia zaidi ni yule anayekujua tayari. Wengine watasema wenye fedha, kama Amazon, wamekwishaziba nafasi za juu. Kwa neno pana kama “viungo” sitabisha. Ila nafasi zisizo za matangazo Google haiziuzi, na anayetafuta sabuni ya mwani wa Paje, mwani ambao kina mama wa huko wamekuwa wakiulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, anatafuta kitu ambacho muuzaji wa Unguja anaweza kukieleza kuliko yeyote. Kuandika maelezo hayo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani kunataka muda, na matunda huchukua miezi. Mwenye haraka na alipie tangazo, ila ajue kwamba malipo yakikoma, na tangazo hutoweka.