Meli Ipi Hulisha Vema?

Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja hii: "Chakula cha meli za watalii za Ulaya na Marekani ni bora kuliko chakula cha vyombo vya maziwa yetu." Mimi nilikuwa miongoni mwa walioiunga mkono, na upande wetu ulishinda kwa kura nyingi. Leo naandika kusema kwamba hatukustahili kushinda. Hatukusema uwongo, bali tulipima kwa kibaba kibovu, na wasikilizaji wakakipokea kibaba chetu bila kukitazama ndani.

Huenda msomaji akacheka kusikia mtu wa Pajulu akizungumza habari za meli, maana hapa kwetu hata mtumbwi hauonekani. Lakini jina la West Nile limetoka mtoni. Kabla reli haijafika Pakwach mwaka 1964, wasafiri wengi wa Arua waliokwenda kusini walishuka Pakwach, wakapanda stima, wakavuka Ziwa Albert mpaka Butiaba. Stima iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa Robert Coryndon, iliyoundwa Uingereza mwaka 1929. Mwisho wake ulikuwa Butiaba mwaka 1962, katika miaka ile ambayo maji ya ziwa yalipanda sana. Stima nyingine, Lugard, iliteremka na mto kutoka Pakwach mpaka Nimule. Basi, habari za chakula cha safari ya majini si ngeni kwa babu zetu.

Siku ya mdahalo wetu alikuwapo mzee mmoja aliyealikwa kusikiliza. Kura zilipokwisha hesabiwa aliomba ruhusa ya kusema. Alitueleza kwamba alipokuwa mtoto mdogo alisafiri kwa stima pamoja na mama yake, wakalala sitahani. Mama alikuwa amefunga enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, katika majani, pamoja na angara waliokaushwa. Kisha akatuuliza, "Wanangu, mmetueleza vizuri sana habari za meza ya mbele. Je, yule aliyelala sitahani alikula nini?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya jambo hili, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, tuwatendee haki wenye meli kubwa. Siku hizi makampuni yao hushindana sana kwa chakula. Meli iitwayo Icon of the Seas, ya kampuni ya Royal Caribbean, ilianza kazi mwaka 2024, nayo yaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000. Ni kama kulisha mji mzima kila siku, asubuhi, mchana na jioni, na pwani iko mbali. Katika kampuni hiyo abiria wote, hata aliyelipa nauli ndogo, wana chumba kikubwa cha kulia ambacho chakula chake kimo ndani ya nauli. Mwenye kutaka vyumba vingine vya fahari huongeza fedha. Kampuni ya Norwegian ilianzisha mwaka 2000 desturi ya kumwacha abiria ale saa atakayo na akae na amtakaye. Kampuni ya Cunard, katika meli yake Queen Mary 2, hufuata desturi ya zamani: chumba ulalacho ndicho kinachoonyesha chumba utakachokula. Aliyelipa zaidi huenda Queens Grill au Princess Grill, na walio wengi huenda Britannia.

Hata miongoni mwa meli za fahari, basi, mtu hawezi kusema tu kwamba chakula ni kizuri. Yampasa aseme ni kizuri kwa nani. Wala asiwasahau watumishi. Wao wana vyumba vyao vya kulia, mbali na macho ya wageni, na hakuna anayepiga picha ya sahani zao. Sisi katika mdahalo tulionyesha picha nyingi za vyakula, na kila moja ilikuwa ya mgeni.

Pili, nitazame mambo ya kale, kwani yana mafunzo. Katika karne ya kumi na tisa, maskini wengi wa Ulaya waliohamia Marekani kwa merikebu za matanga walijichukulia chakula chao, kama alivyofanya mama wa yule mzee. Baadaye makampuni yakaanza kuwalisha wote. Tunayo kadi ya chakula cha daraja la tatu katika meli ya Titanic, ya tarehe 14 Aprili 1912, siku ile meli ilipogonga barafu. Asubuhi walipewa uji wa shayiri na maziwa, samaki wa moshi, viazi, nyama ya nguruwe na mayai. Mchana walipewa supu ya wali, nyama ya ng'ombe ya kuoka, mahindi mabichi na viazi. Daraja la kwanza walikula karamu ndefu kupita kiasi, hilo twalijua. Lakini mtu wa daraja la tatu hakulala njaa.

Jambo lililonipendeza zaidi katika kadi ile si nyama. Chini yake yamechapwa maneno ya kumwambia abiria kwamba akiwa na lalamiko lolote juu ya chakula, au akitendewa bila adabu, apeleke habari mara moja kwa karani wa meli au kwa mkuu wa watumishi. Maneno hayo aliandikiwa abiria wa nauli ndogo kabisa. Kampuni ilikubali, kwa maandishi, kwamba yeye naye ana haki ya kusema uji umeungua.

Tatu, vyombo vyetu. Meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Kwa miaka mingi ilikwenda toka Kigoma mpaka Mpulungu. Ndani yake palikuwa na jiko, na abiria alinunua wali kwa samaki au kwa nyama. Lakini vijiji vingi vya njiani havina gati, na meli iliposimama mbali kidogo na pwani, mitumbwi iliizunguka, wenyeji wakiuza vyakula vyao. Katika mdahalo upande wetu uliwacheka watu wa mitumbwi. Sasa naona tuliwaonea. Samaki aliyevuliwa jana katika ziwa lile lile ni chakula chema kuliko samaki aliyekaa katika barafu siku nyingi, na fedha yake humwendea mvuvi. Kilichopungua ni usafi tu: maji ya kunawia, kifuniko cha sufuria, na mtu wa kukagua.

Nne, majahazi. Mwaka 1938 baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait akasafiri nalo mpaka Zanzibar na Rufiji, kisha akaandika kitabu. Jikoni mwa jahazi la namna ile palikuwa ni sanduku la moto juu ya sitaha, na chakula kilikuwa wali, samaki na tende. Hakuna mtu atakayekiita chakula cha fahari. Lakini mabaharia walizunguka sinia moja, mkono wa huyu kando ya mkono wa yule, na wali ukipungua ulipungua kwa wote walioketi.

Baada ya kuyaona haya, nasema kwamba kuna vipimo vitatu vya chakula cha safari, na wingi wa vitamu si kimoja chao.

Kipimo cha kwanza ni afya. Mwezi Januari 1499 merikebu za Vasco da Gama zilifika Malindi kutoka India, mabaharia wengi wamekufa njiani kwa ugonjwa wa fizi, na waliosalia wakatafutiwa machungwa ya Malindi. Miaka mingi ikapita mpaka mganga James Lind, mwaka 1747, alipowajaribu wagonjwa 12 katika meli moja ya Uingereza akaona kwamba wale wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Tunda la shambani mwa mtu wa kawaida liliwashinda wapishi wote wa wafalme.

Kipimo cha pili ni usafi. Tangu miaka ya 1970 Marekani imekuwa na wakaguzi wa afya wanaoingia katika meli za watalii bila kutoa habari mbele. Meli huanza na alama 100, na kila kosa huipunguzia. Ikipata 85 au chini imeshindwa, na alama hutangazwa ili kila mtu asome. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa tuige kwao: tuache vinara vya taa na keki za ghorofa, tuchukue ukaguzi na kutangaza. Vivuko vyetu, na hata vibanda vya vituo vya mabasi ya Arua, vingefaidika sana.

Kipimo cha tatu ni sahani ya mtu wa mwisho. Najua nitajibiwa, "Aliyelipa zaidi ale zaidi." Nakubali. Mwenye fedha nyingi na ale aina kumi za nyama akipenda. Lakini chakula cha kutosha, kilicho safi na chenye kuleta nguvu, hicho si cha kuuzwa kwa madaraja. Meli inayomshibisha wa meza ya mbele na kumwacha wa sitahani afunue kifurushi chake gizani haijalisha vema, hata kama kifurushi kile kilikuwa kitamu.

Sasa nimalizie karibu na nyumbani. Sisi nasi tu abiria wa chombo kimoja. Katika bwalo letu sisi wanafunzi wa Senior Six hupanga mstari kwanza, na wa Senior One huwa wa mwisho. Posho huwa sawa kwa wote, lakini maharagwe hukaa chini ya sufuria na mchuzi hukaa juu, na mpakuaji humjua mkubwa, humchotea chini. Anapofika mtoto wa Senior One, mara nyingi mmebaki maji yenye rangi ya maharagwe. Nami nimekula maharagwe yale mwaka mzima bila kuona haya.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, madarasa yapeane zamu ya kutangulia, kila juma darasa jingine, na Senior Six wawe wa kwanza kukubali kuwa wa mwisho. Pili, ibandikwe karatasi penye mlango wa bwalo, iseme mwenye lalamiko la chakula amwone nani, na kwamba hataadhibiwa kwa kulisema. Kampuni ya meli iliweza kumwandikia hivyo maskini wa daraja la tatu mwaka 1912. Mimi nimekwisha mwambia kiranja wa bwalo kwamba Jumatatu ijayo nitasimama nyuma ya Senior One. Atakayependa na aje tusimame pamoja.