Kuchora Tu, Utakula Nini?

Kila mwaka yatokapo matokeo ya kidato cha sita, wazazi huketi na watoto wao kupanga masomo ya chuo kikuu. Udaktari hupokewa kwa furaha, sheria na uhandisi vilevile. Lakini kijana akisema, "Baba, nataka kusomea usanifu wa mawasiliano," hujibiwa papo hapo: "Kuchora tu? Utakula nini?" Twaona jibu hilo hutolewa kabla jambo lenyewe halijafahamika.

Fani hii ni elimu ya kupanga maneno, picha, rangi na nafasi tupu ili ujumbe umfikie mtu bila kupotoka. Kitabu cha shule, karatasi ya maelezo ya dawa, kibao cha kuelekeza wagonjwa hospitalini: kila kimoja kina mtu aliyeamua kipi kisomwe kwanza na kipi kifuate. Akikosea yeye, huumia msomaji.

Tazameni yaliyotokea Marekani mwaka 2000. Katika kaunti ya Palm Beach, jimbo la Florida, majina ya wagombea urais yalipangwa katika kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa yakawa katikati. Jina la Al Gore lilikuwa la pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyeandikwa upande wa kulia. Wataalamu wa takwimu waliochunguza baadaye walionyesha kwamba wapiga kura zaidi ya 2,000 waliomkusudia Gore walimtobolea Buchanan. George W. Bush alitangazwa mshindi wa jimbo zima kwa kura 537, na kwa jimbo hilo akaupata urais. Na aliyeipanga karatasi ile hakuwa na hila. Alitaka herufi ziwe kubwa ili wazee wasome kwa urahisi!

Wapo wazazi wanaoiogopa fani hii kwa sababu ya picha na sanamu. Hao twawakumbusha kwamba sehemu yake kubwa ni herufi. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa aliweka kanuni ya kupima herufi za Kiarabu kwa nukta ya kalamu, kila herufi ikapata uwiano wake na alifu. Na hapa pwani kwetu, kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mama zetu huichagua kwa maneno yake kabla ya rangi. Huo nao ni usanifu wa mawasiliano, ingawa hatukuuita hivyo.

Masomo yenyewe yapo karibu. Makerere, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, na shule ya sanaa ya chuo hicho inabeba jina lake. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho hufundisha usanifu kwa shahada.

Hata hivyo hatuvisifu vyuo kwa kufumba macho. Anayekwenda kujifunza programu za kompyuta peke yake amepoteza ada, kwani programu hubadilika, na leo zipo zinazotoa picha kwa sekunde chache baada ya kuandikiwa maneno. Chuo chenye faida humzoeza mwanafunzi kuuliza ni nani atakayesoma, kuchora rasimu kumi na kutupa tisa, kuwapa watu wa kawaida wajaribu, na kusikia kazi yake ikikosolewa mbele ya wenzake pasipo kununa. (Hilo la mwisho ni zito kuliko mtihani.) Mwajiri naye huanza kwa kutazama mkusanyiko wa kazi za mwombaji, cheti hufuata.

Kuhusu kipato, hofu ya mzazi ina haki. Wengi huanza kwa vibarua, kadi za harusi, na wateja wanaolipa nusu. Basi yafaa mzazi aulize chuoni: je, wanafunzi hupelekwa kufanya mazoezi kazini? Hufundishwa kupanga bei na kuandika mapatano? Aombe pia kuonyeshwa kazi za waliohitimu.

Na kabla ya kumkatalia, mpeni kijana lile tangazo lililobandikwa mlangoni mwa msikiti wenu, ambalo maneno yake yamebanana na saa ya darasa imefichwa chini kabisa. Mwambieni alipange upya, kisha simameni kando mtazame kama wazee wataendelea kuuliza, "Darasa ni saa ngapi?"